Sura ya Nne: Kadi, Korosho na Dirisha la Dawa

Historia ya jinsi Watanzania wanavyolipia matibabu yao inaweza kusimuliwa karibu yote bila kuvuka mpaka wa wilaya ya Masasi, mkoani Mtwara. Mwaka 1935 daktari Mwingereza, Leader Stirling, alifika Lulindi katika misheni ya Waanglikana na kuanza kupasua wagonjwa ndani ya majengo ya udongo na mianzi. Miaka 40 baadaye, akiwa ameshachukua uraia wa Tanzania, aliteuliwa kuwa Waziri wa Afya. Aliishika wizara hiyo kuanzia 1975 hadi 1980, kipindi ambacho mgonjwa aliyefika kwenye zahanati ya Serikali hakuulizwa pesa. Katika wilaya hiyo hiyo, kijijini Lupaso, Benjamin Mkapa alizaliwa mwaka 1938. Akiwa Rais, alitia saini sheria mbili zilizojenga bima ya afya ya umma nchini: ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya mwaka 1999, na ya Mfuko wa Afya ya Jamii mwaka 2001.

Wilaya moja, basi, ilimlea waziri wa zama za matibabu ya bure na ikamzaa rais wa zama za kuchangia. Kati ya zama hizo mbili lipo swali ambalo wakulima wa Masasi na wa Newala, kule juu kwenye uwanda wa Makonde, wanaliuliza hadi leo: mtu anayepata pesa kutoka mikoroshoni mara moja kwa mwaka atalipiaje ugonjwa unaobisha hodi mwezi wowote?

Jibu langu nalitaja mapema. Mkulima anayekataa kukata bima mara nyingi ameshapiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Tukitaka abadili uamuzi, tuzibadilishe namba zilizomo kwenye hesabu hiyo. Kazi hiyo inaanzia serikalini, ndipo ifike kwake.

Bure ilivyokwisha

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilisambaza zahanati na vituo vya afya vijijini kwa kasi, na gharama ikabebwa na hazina. Mwaka 1977, Stirling akiwa waziri, sheria ilipiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara. Hospitali za mashirika ya dini, kama ile ya Wabenediktini pale Ndanda, ziliachwa ziendelee na kazi.

Kisha uchumi ukayumba. Kusini hakuna aliyehitaji kusomewa takwimu za taifa ili aelewe, kwa kuwa korosho yenyewe ilikuwa imeporomoka. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takribani tani 145,000. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishwa kwenye vijiji vya ujamaa na kuiacha mikorosho yao mbali, bei haikumvutia mtu kwenda kupalilia, na ugonjwa wa ubwiriunga ukayashambulia maua. Nchi isiyouza mazao haina fedha za kigeni za kuagizia dawa. Zahanati zikabaki na kuta, wahudumu na makabati matupu. Mgonjwa hakutozwa kitu, lakini pia hakupewa kitu, akaishia kununua dawa kwa pesa zake dukani.

Julai 1993 Serikali ilianza kutoza ada za kuchangia huduma, kwanza kwenye hospitali kubwa, kisha ikashuka ngazi kwa ngazi. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na baadaye wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo waliwekewa msamaha. Kwa wengine wote, malipo yakawa ya papo kwa papo.

Ili kuwapunguzia wanavijiji mzigo huo, mwaka 1996 lilianza jaribio wilayani Igunga, mkoani Tabora: kaya ilipe mara moja kwa mwaka, itibiwe mwaka mzima. Huo ndio ukawa Mfuko wa Afya ya Jamii, maarufu kwa herufi zake za CHF. Kwa kila shilingi iliyochangwa na wananchi, Serikali iliahidi kuongeza nyingine sawa na hiyo, mpango ulioitwa tele kwa tele. Mtumishi wa umma alipata njia nyingine. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001 kwa kukata asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri kuongeza asilimia 3.

Tazama tofauti ya wawili hawa wanaoishi mtaa mmoja Newala mjini. Mwalimu hajawahi kuamua kama mwaka huu akate bima au asikate. Makato yanachukuliwa kabla mshahara haujamfikia, na kadi yake inamtibu yeye, mwenza wake na wategemezi wanne. Jirani yake mkulima anatakiwa kila mwaka afanye uamuzi upya, akiwa na noti mkononi na shida kumi zinazoisubiri noti hiyo hiyo. Tunapolalamika kwamba wakulima hawajiungi, tukumbuke kwamba hata mwalimu hakuwahi kuachiwa nafasi ya kukataa.

Hesabu ya kilo

Korosho huokotwa kwa wingi kuanzia Oktoba. Tangu msimu wa 2007/08 mkulima wa Mtwara huuza kupitia stakabadhi ghalani: anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, mzigo unakwenda ghala kuu, wanunuzi wanashindana mnadani. Upande wa Newala na Tandahimba minada husimamiwa na chama kikuu cha TANECU, upande wa Masasi na Mtwara ni MAMCU. Siku kadhaa baada ya mnada pesa huingia kwenye akaunti, zikiwa zimeshakatwa ushuru wa halmashauri na gharama za ushirika. Hapo ndipo bati linanunuliwa, madeni ya dukani yanalipwa, na sare za shule za Januari zinashonwa.

Mvua zinashuka kuanzia Desemba hadi Aprili. Ni miezi ya palizi, ya ghala kupungua na ya malaria. Kwa hiyo pesa na ugonjwa havikutani uwandani. Mwezi Machi mtoto akipata homa usiku, kilichobaki ndani ni mhogo mkavu na korosho za kula. Baba mwenye haraka humwendea mnunuzi wa kangomba, yaani wa nje ya mnada, akaahidi korosho ambazo bado hazijachanua ili apate elfu kumi ya leo. Deni la ugonjwa wa masika hulipwa kwa mavuno ya Oktoba, tena kwa bei ya hasara. Mtu akitaka kujua kwa nini bima inahitajika Newala, sababu ni hiyo: pesa za Novemba zinapaswa kumtibu mgonjwa wa Machi.

Sasa tuweke hesabu katika kilo, kama wanavyoiweka wenyeji. Tuchukue bei ya 2,000 kwa kilo, kwa mfano tu, maana bei hupanda na kushuka kila mnada. CHF iliyoboreshwa ilianza mwaka 2018 ikitaka shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Hizo ni kilo 15, chini ya robo ya gunia. Mwaka huo huo Mfuko wa Taifa ulileta mpango wa Ushirika Afya kwa wanachama wa vyama vya msingi, kwa shilingi 76,800 mtu mzima mmoja: kilo 38 na kitu. Kisha, ulipokuja muswada wa bima ya afya kwa wote mwaka 2022, Serikali ilitaja makadirio ya shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita. Hizo ni kilo 170, magunia mawili na zaidi. Mwenye kuvuna kilo 300 ametoa zaidi ya nusu ya mavuno yake kabla hajanunua salfa ya msimu ujao.

Kutoka kilo 15 hadi kilo 170 ni safari ndefu, na katikati yake ndipo ulipo ukweli mchungu wa fedha za afya. Kilo 15 mkulima anaziweza, lakini hazitoshi kugharamia matibabu ya watu sita mwaka mzima: ni shilingi 5,000 kwa kila mmoja. Kilo 170 zinaikaribia gharama halisi ya huduma, lakini hawezi kuzitoa. Pengo hilo halizibwi kwa semina ya uhamasishaji. Linazibwa kwa kodi.

Dirishani

Mazungumzo kama haya husikika vijijini kila kampeni ya uandikishaji inapopita. Afisa uandikishaji ni kijana wa hapo hapo, mwenye simu ya kupigia picha wanakaya. Anamkuta bibi mmoja barazani, amezungukwa na wajukuu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja tena na kadi yako?"

"Nimekuja, bibi. Elfu thelathini, watu sita, mwaka mzima."

"Hapa tuko wanane. Wawili niwatupe wapi?"

"Hao wa chini ya miaka mitano wanatibiwa bure, bibi."

"Bure ya wapi? Juzi nimempeleka huyu mdogo, nikaandikiwa kikaratasi niende duka la dawa. Kadi yako ingenipa dawa isiyokuwepo?"

Bibi huyu ameuliza maswali mawili ambayo kila mpangaji wa sera angepaswa kuyajibu kwanza. La kwanza ni la kaya. Sheria inahesabu vichwa sita, lakini ukoo wa Kimakonde, wa Kiyao au wa Kimakua hauishi kwa hesabu hiyo. Watoto wa binti aliyekwenda mjini kutafuta maisha wanalelewa na bibi, na bibi ndiye asiye na akaunti ya korosho.

La pili ni la kikaratasi. Kila aliyewahi kupanga foleni kwenye zahanati anakijua: mgonjwa amepimwa, amekutwa na malaria au maambukizi ya kifua, amefika dirisha la dawa, na mhudumu, kwa sauti ya upole kabisa, anamwambia hii ipo, hii haipo, kanunue. Asiye na bima anatoka na kikaratasi. Mwenye bima naye anatoka na kikaratasi, na elfu 30 zake zimeshakwenda. Jirani zake wanaona. Mwaka unaofuata hakati tena, na hakuna tangazo la redio litakalomrudisha.

Serikali haikukaa bila kufanya kitu, na hatua mbili zinastahili kusifiwa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinatumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati badala ya kupitia mikono ya halmashauri. Na pale Bohari ya Dawa inapokosa bidhaa, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji aliyeteuliwa kwa mkoa, utaratibu ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na kusambazwa nchi nzima mwaka 2018. Hatua hizi zinagusa kabati la dawa lenyewe. Kwa maoni yangu zinaifanyia bima kazi kubwa kuliko kampeni zote za uandikishaji, kwa kuwa mwanachama hushawishiwa na dawa anayokabidhiwa mkononi.

Watafiti walichokikuta

Mwaka 2012 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti mkubwa uliolinganisha Tanzania, Ghana na Afrika Kusini. Kwa upande wa Tanzania kazi ilifanywa na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, wakiwemo Gemini Mtei na Jane Macha. Swali lao lilikuwa la haki: nani analipia matibabu, na nani anayapata?

Walichokikuta kinapaswa kusomwa katika kila baraza la madiwani. Kodi za moja kwa moja ziliwatoza wenye nacho zaidi kuliko wasio nacho. Malipo ya papo kwa papo yaliwaumiza maskini zaidi katika nchi zote tatu. Na michango ya bima ya watu walio nje ya ajira rasmi, Tanzania na Ghana kote, ilimlemea maskini kuliko tajiri. Sababu haijifichi: kiwango ni kimoja kwa wote. Elfu 30 ya mwenye mikorosho 400 na elfu 30 ya mjane mwenye mikorosho 10 ni noti zile zile, lakini mizigo miwili tofauti kabisa. Tena faida ya huduma kwa jumla iliwaelekea zaidi wenye uwezo, ilhali maradhi yalikuwa mengi zaidi kwa maskini.

Utafiti mwingine ulifanyika huku huku kusini. Mwaka 2007 wadodosaji walipita nyumba kwa nyumba, kaya zipatazo 226,000, katika wilaya tano za mikoa ya Lindi na Mtwara, Newala ikiwemo. Uchambuzi wa takwimu hizo, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba vifo vya akina mama vinavyosababishwa moja kwa moja na matatizo ya uzazi viliongezeka kadiri nyumba ilivyokuwa mbali na hospitali. Mjamzito ana msamaha wa ada. Msamaha huo haumlipi bodaboda wa usiku, wala hauifupishi barabara. Mgonjwa wa Newala akipewa rufaa ya Ligula, Mtwara mjini, CHF iliyoboreshwa itamlipia hospitalini, lakini nauli yake, chakula cha ndugu anayemuuguza na siku za shamba zilizopotea ni juu yake. Sera inayohesabu ada peke yake imehesabu nusu ya bili.

Nani amlipie asiye na kitu

Bima inafanana na upatu kwa jambo moja: wengi wanachanga, mmoja anachukua. Tofauti yake ndiyo inayoleta taabu. Katika upatu kila mtu anaisubiri zamu yake kwa hamu. Katika bima unaomba zamu yako isifike, na ukivuka mwaka ukiwa mzima unajiona umepoteza pesa. Ndiyo maana kujiunga kwa hiari huwavuta kwanza wenye wagonjwa nyumbani. Tuseme kijiji kina kaya 400 na zimejiunga 60. Mfuko una shilingi 1,800,000, na karibu kila kaya kati ya hizo 60 ina mwenye kisukari, shinikizo la damu au mtoto anayeugua mara kwa mara. Mfuko huo utakauka kabla ya mwaka kwisha.

Taifa zima lililiona jambo hili kwenye Toto Afya Kadi. Kwa shilingi 50,400 kwa mwaka mzazi alimkatia mtoto wake bima ya Mfuko wa Taifa. Wazazi waliokimbilia mpango huo walikuwa zaidi wale wenye watoto wagonjwa, matumizi yakaipita michango kwa mbali, na mwaka 2023 mfuko ukasitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja. Wazazi hawakufanya kosa lolote. Mpango wa hiari ulifanya kile ambacho mipango ya hiari hufanya.

Hapo ndipo ilipotoka hoja ya bima kwa wote. Wakati muswada unajadiliwa, waliokuwa na bima ya aina yoyote nchini walikuwa takribani asilimia 15 tu. Muswada ulisomwa bungeni mara ya kwanza Septemba 2022, kisha ukaahirishwa, na jambo lililoukwamisha zaidi lilikuwa chanzo cha uhakika cha fedha za kuwalipia wasio na uwezo. Bunge lilikuwa sahihi kulisimamia. Novemba 2023 sheria ilipita na Rais Samia Suluhu Hassan akaitia saini, ikiwa na mfuko maalumu wa kuwalipia wasio na uwezo. Miongoni mwa vyanzo vyake ni kodi za vinywaji, vipodozi na michezo ya kubahatisha.

Majirani na walio mbali wameshapita njia hii. Rwanda ilianza majaribio ya bima ya jamii, maarufu kama mituweli, mwaka 1999, ikapanga michango kwa hali ya kila kaya, na kaya za chini kabisa zikalipiwa. Uanachama ukafika kwa sehemu kubwa mno ya wananchi. Thailand nayo ilikuwa na kadi ya hiari ya wanavijiji, ikaona haiwafikishi wote, na kuanzia mwaka 2001 ikaamua wakulima na wachuuzi walipiwe na kodi ya taifa. Ghana iliongeza tozo ya asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma kwa ajili ya bima. Nchi hizi hazifanani kwa utajiri wala kwa siasa, lakini zote zilifika mahali pamoja: mkulima maskini hawezi kuubeba mfuko wa bima kwa mchango wake mwenyewe. Hazina lazima iwe mwanachama mkubwa.

Mambo ya kudai

Kwa hiyo mwanakijiji wa Chiungutwa au wa kata ya Makote afanye nini na maarifa haya? Adai, na adai kwa mpangilio.

Kwanza, adai dawa kabla ya kadi. Zahanati ina kamati yake ya usimamizi, yenye wajumbe wa kijiji. Kila mkutano wa kijiji wajumbe hao wasomewe, nao wausomee mkutano: fedha gani zimeingia kwenye akaunti ya zahanati, zimenunua nini, na dawa gani muhimu zilikosekana kwa siku ngapi. Taarifa hiyo ibandikwe ubaoni, karibu na dirisha lenyewe. Ahadi ni deni, na deni la zahanati kwa wanachama wake ni dawa.

Pili, adai kalenda ya korosho. Uandikishaji ufanyike kuanzia Oktoba hadi Desemba, kwenye chama cha msingi, siku pesa zinapoingia. Mkulima anayetaka mchango wake ukatwe kwenye malipo aruhusiwe kusaini hivyo, apate nafuu ambayo mwalimu anayo miaka yote. Kadi yake iwe hai kabla ya mvua kubwa.

Tatu, adai orodha ya wasio na uwezo ijadiliwe hadharani. Kijiji kinawajua mjane wake, mlemavu wake na bibi mwenye kaya ya watu wanane. Kaya hizo zilipiwe na Serikali kwa jina, watoto wote waliomo wahesabiwe, na mwenye kadi hiyo ahudumiwe sawa na mwalimu.

Na diwani au mbunge anayekuja kuomba kura aulizwe jambo moja mbele ya watu: katika bajeti ya mwaka huu, shilingi ngapi zimetengwa kuwalipia bima wasio na uwezo wa jimbo hili, na zilizokwisha kufika ni ngapi? Viongozi wa Afrika walikutana Abuja mwaka 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Watoto waliozaliwa mwaka huo sasa ni wazazi, na wengine ndio wanaoomba kadi kwa ajili ya watoto wao. Wanastahili kujibiwa kwa tarakimu, kwa sababu bima ni mkataba: mkulima akitoa kilo zake 15 kwa wakati, Serikali nayo itoe sehemu yake kwa wakati, na kila upande uwe na haki ya kumuuliza mwenzake ametimiza nini.